ALFRED WEGENER: MTU ALIYESEMA MABARA YANATEMBEA

Safari ya leo ni ndefu. Tutaanzia Ujerumani, tupite katika barafu ya Greenland, na mwishowe turudi hapa kwetu, ukingoni mwa Bonde la Ufa.

Kwanza niwaeleze kilichonifanya niishike kalamu. Katika mdahalo mmoja wa chama chetu cha Kiswahili, hoja ilikuwa kwamba lugha yetu inaweza kufundishia sayansi. Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Nikasimama kifua mbele, nikaeleza kwa Kiswahili sanifu kwamba ardhi tunayoikanyaga haikutulia, na kwamba Afrika na Amerika ya Kusini zilikuwa kitu kimoja hapo kale, kisha zikaachana. Makofi yakapigwa. Basi mwenzangu mmoja wa upande wa upinzani akainuka polepole, akauliza swali moja tu: ni nini kinachoyasukuma mabara hayo? Jamani, nilibabaika. Nilimeza mate, nikatazama dari, nikatazama viatu vyangu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikaketi, masikio yakiwaka moto.

Siku zilizofuata nikazama maktabani. Huko ndiko nilikokutana na mtu aliyeulizwa swali lilo hilo na mabingwa wa Ulaya na Marekani, naye pia hakuweza kulijibu sawasawa. Tofauti yetu ni kwamba mimi niliketi. Yeye hakuketi. Nataka niwasimulie maisha yake, halafu mwishoni nimjibu mwenzangu yule, kama ana subira ya kunisoma.

KUZALIWA NA MASOMO

Alfred Wegener alizaliwa mjini Berlin, Ujerumani, tarehe 1 Novemba 1880. Ishikeni vizuri tarehe hiyo, tutakutana nayo tena. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Baba yake alikuwa mchungaji na mwalimu wa lugha za kale. Mtu angedhani kijana angefuata nyayo za mzee na kuishi kati ya vitabu vya Kilatini, lakini wapi! Moyo wake ulikuwa angani na kwenye barafu.

Alisoma katika vyuo vikuu vya Berlin, Heidelberg na Innsbruck, na mwaka wa 1905 akapata shahada ya udaktari katika elimu ya nyota. Hata hivyo hakutaka kukaa usiku kucha nyuma ya darubini. Aligeukia elimu ya hali ya hewa, akaajiriwa katika kituo cha Lindenberg, ambako kaka yake Kurt naye alifanya kazi. Mwezi wa Aprili 1906 ndugu hao wawili walipanda puto, wakaelea angani kwa muda wa saa 52 na nusu bila kutua. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amewahi kukaa katika puto muda mrefu hivyo.

Mwaka huohuo aliingia katika msafara wa watu wa Denmark uliokwenda kaskazini mashariki ya Greenland. Greenland ni kisiwa kikubwa kuliko vyote ulimwenguni, na sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu. Wegener alikaa huko miaka miwili akipima joto, upepo na mawingu. Mwaka wa 1907 kiongozi wa msafara huo, Mylius-Erichsen, na wenzake wawili walitangulia mbele kuchora ramani, na hawakurudi. Baridi na njaa ziliwamaliza. Kwa hivyo Wegener alijua mapema, akiwa bado kijana, kwamba Greenland haina mzaha.

Aliporudi kwao alifundisha katika Chuo Kikuu cha Marburg. Wanafunzi walimpenda kwa sababu alikuwa na kipaji cha kueleza jambo gumu kwa maneno mepesi. Hapo pia ndipo alipozidi kushirikiana na mzee Wladimir Köppen. Nyinyi wa Jiografia mnamfahamu huyu: ndiye aliyeyagawa mabara katika maeneo ya tabianchi tunayoyakariri mpaka leo. Mwaka wa 1913 Wegener alimwoa Else, binti wa Köppen.

RAMANI ILIYOMNYIMA USINGIZI

Wakati wa Krismasi ya mwaka 1910, rafiki mmoja wa Wegener alipata kitabu kipya cha ramani za dunia. Wakawa wanakifunuafunua pamoja. Wegener akashangaa: pwani ya mashariki ya Amerika ya Kusini inalingana na pwani ya magharibi ya Afrika. Ile nundu ya Brazil inaingia barabara katika ile kona ya Afrika iliyo karibu na Nigeria na Kameruni. Alimwandikia Else kuhusu jambo hilo.

Kusema kweli, hakuwa wa kwanza kuliona. Mchora ramani Abraham Ortelius aliligusia mwaka wa 1596, na hata mtoto wa shule ya msingi akiitazama ramani kwa makini ataliona. Lakini kuona ni kitu kimoja, na kufuatilia ulichokiona ni kitu kingine. Wengi waliona wakapita zao. Wegener alikaribia kupita pia, mpaka vuli ya mwaka 1911, alipokutana maktabani na taarifa kuhusu visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Taarifa hiyo ilionyesha kwamba viumbe wa aina moja walipatikana pande zote mbili za Bahari ya Atlantiki.

Wataalamu wa wakati huo walikuwa na maelezo yao. Walisema kwamba zamani palikuwa na madaraja ya nchi kavu yaliyounganisha mabara, wanyama wakavukia huko, kisha madaraja hayo yakazama baharini.

Ili tufahamu kwa nini Wegener aliyakataa maelezo hayo, hatuna budi kuipasua dunia na kuitazama ndani. Chukua yai lililochemshwa. Lina ganda, lina ute, lina kiini. Dunia nayo ni hivyohivyo. Kutoka hapa tulipo mpaka katikati ya dunia ni kama kilomita 6,370. Juu kuna ganda la mawe, ambalo chini ya mabara lina unene wa kilomita 30 hadi 40 hivi, na hufika 70 chini ya milima mirefu sana. Chini ya bahari ganda hilo ni jembamba, kilomita saba tu hivi. Chini yake kuna tabaka nene la mawe ya moto linaloshuka mpaka kina cha kilomita 2,900. Kisha kuna kiini cha chuma, ambacho sehemu yake ya nje imeyeyuka na ya ndani ni ngumu.

Jambo lililo muhimu kwa hadithi yetu ni hili: ganda la mabara limefanywa kwa mawe mepesi kama matale, na ganda la chini ya bahari limefanywa kwa mawe meusi yaliyo mazito zaidi. Mabara yamekaa juu kwa sababu ni mepesi, kama ubao unavyoelea majini. Sasa niambie, ndugu msomaji, je, ubao unaweza kuzama wenyewe mpaka chini ya mto? Hauwezi. Wegener akasema vivyo hivyo: daraja kubwa la nchi kavu haliwezi kuzama katika sakafu ya bahari iliyo nzito kuliko lenyewe. Ikiwa daraja haliwezi kuzama, na viumbe ni walewale, basi limebaki jambo moja tu. Mabara yenyewe ndiyo yaliyohama.

USHAHIDI MEZANI

Tarehe 6 Januari 1912, mjini Frankfurt, Wegener alisimama mbele ya wataalamu wa miamba akatoa wazo lake hadharani. Alikuwa na umri wa miaka 31, na hakuwa mtaalamu wa miamba. Wazo lilikuwa kwamba mabara yote yalikuwa bara moja kubwa, ambalo baadaye lilikuja kujulikana kama Pangaea, na kwamba bara hilo lilipasuka vipande, navyo vikaachana polepole kwa mamilioni ya miaka.

Kisha, badala ya kukaa nyumbani kulitetea wazo lake, akaondoka tena kwenda Greenland! Mwaka wa 1912 hadi 1913 yeye na J. P. Koch wa Denmark, pamoja na wenzao wawili, walikivuka kisiwa hicho kutoka mashariki hadi magharibi wakitumia farasi wadogo wa Iceland. Koch alitumbukia katika ufa wa barafu akavunjika mguu. Farasi walikufa mmoja baada ya mwingine. Karibu na mwisho wa safari chakula kiliwaishia kabisa, ikawabidi wamchinje mbwa wao. Wakiwa katika hali hiyo ndipo waliponusuriwa na mchungaji aliyepita kwa mashua.

Mwaka wa 1914 vita vikuu vya kwanza vikalipuka. Wegener alipelekwa mstari wa mbele kama afisa wa akiba, akajeruhiwa mara mbili. Akaondolewa vitani kwenda kupona. Wengine wangelala tu na kushukuru Mungu. Yeye aliandika kitabu. Kilitoka mwaka wa 1915, kikiwa na kurasa 94 tu, nacho kilihusu chanzo cha mabara na bahari. Baadaye alikipanua na kukitoa tena mwaka wa 1920, 1922 na 1929. Hoja zake kubwa zilikuwa hizi:

Kwanza, umbo la pwani, kama nilivyokwisha kueleza.

Pili, visukuku. Kuna mnyama wa kale jamii ya mjusi aitwaye Mesosaurus, mwenye umbo dogo. Mabaki yake yapo kusini mwa Afrika na yapo Brazil. Kiumbe mdogo kama huyo angeogeleaje kuvuka bahari kuu? Vilevile kuna mmea uitwao Glossopteris, ambao alama za majani yake zimepatikana Amerika ya Kusini, Afrika, India na Australia.

Tatu, miamba. Milima iliyokunjamana ya Rasi, kule Afrika ya Kusini, inafanana na safu iliyo kusini mwa Buenos Aires nchini Argentina, kana kwamba ni mlima mmoja uliokatwa. Wegener alitoa mfano mzuri. Alisema ni kama gazeti lililochanwa vipande: ukivirudisha pamoja na kingo zikalingana, hiyo ni dalili, lakini ukiona pia mistari ya maandishi inasomeka kutoka kipande kimoja hadi kingine, huna la kufanya ila kukubali kwamba lilikuwa gazeti moja.

Nne, tabianchi. Katika India na Afrika ya Kusini kuna mikwaruzo na vifusi vilivyoachwa na mito ya barafu. Kinyume chake, katika visiwa vya Svalbard, karibu na ncha ya kaskazini, kuna makaa ya mawe yaliyotokana na misitu ya kale. Barafu ilifikaje kwenye joto, na misitu ikafikaje kwenye baridi? Jibu la Wegener ni kwamba nchi hizo hazikuwa mahali zilipo leo.

WAKAMCHEKA

Mpenzi msomaji, ungedhani kwa ushahidi wa aina hii watu wangemshangilia. Kumbe! Kitabu kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka wa 1924, upinzani ulizidi kuwa mkali. Mwaka wa 1926 wataalamu wa mafuta na miamba walikutana New York kulijadili wazo hilo, na wengi wao wakalikataa. Wengine walimfanyia dhihaka. Walisema huyu ni mtu wa mawingu na upepo. Mawe amejulia wapi?

Hapa ndipo ninapotaka tuwe wakweli. Ni rahisi kusimulia habari za Wegener kana kwamba alikuwa malaika na wapinzani wake walikuwa wajinga. Sivyo. Walikuwa na sababu mbili nzito.

Sababu ya kwanza ni lile swali lililonikalisha chini: ni nini kinachoyasukuma mabara? Wegener alitaja nguvu ya dunia inavyojizungusha, na mvuto wa mwezi na jua. Mwingereza Harold Jeffreys akaonyesha kwamba nguvu hizo ni hafifu mno. Haziwezi hata kidogo kulisukuma bara lipite katika mawe magumu ya sakafu ya bahari. Jeffreys hakukosea katika hilo.

Sababu ya pili ni hesabu ya mwendo. Kwa kutumia vipimo vya wasafiri, Wegener aliamini kwamba Greenland inaiacha Ulaya kwa mita nyingi kila mwaka. Vipimo hivyo vilikuwa na makosa. Leo tunajua kwamba pande hizo mbili huachana kwa sentimita mbili tatu hivi kwa mwaka, kama kasi ya kucha kukua.

Kwa hivyo Wegener alikosea kuhusu nguvu, akakosea kuhusu mwendo. Lakini je, yale mabaki ya Mesosaurus yalitoweka? Mikwaruzo ya barafu katika nchi za joto ilifutika? Hapana. Wapinzani waliona kwamba mtu asiyejua sababu ya jambo hana haki ya kusema kwamba jambo limetokea. Hapo ndipo walipokosea wao. Mtu akikuta nyumba yake imevunjwa na vitu vimechukuliwa, hasemi kwamba hakuibiwa ati kwa kuwa bado hajamjua mwizi.

Si wote waliompinga. Köppen, aliyekuwa na shaka hapo mwanzoni, aliungana naye, wakaandika pamoja kitabu kuhusu tabianchi za kale mwaka wa 1924. Mwaka huohuo Wegener alipewa uprofesa huko Graz, Austria, baada ya kuhangaika sana kupata cheo cha kudumu kwao Ujerumani. Huko Afrika ya Kusini, Alexander du Toit alipita akikusanya ushahidi wa miamba wa kumuunga mkono. Naye Arthur Holmes wa Uingereza alikuwa ameanza kufikiri juu ya nguvu nyingine kabisa, iliyo ndani ya dunia. Tutamrudia.

Na hapa kwetu je? Tarehe 6 Januari 1928, miaka 16 kamili tangu siku ile ya Frankfurt, ardhi ilitetemeka vibaya huko Subukia, katika Bonde la Ufa. Lilikuwa tetemeko la kipimo cha karibu 7, na liliacha ufa mrefu juu ya ardhi. Wakati mabingwa wa ng'ambo wakibishana kama bara linaweza kupasuka, Subukia ilikuwa ikipasuka.

SAFARI YA MWISHO

Mwaka wa 1930 Wegener aliongoza msafara wake mkubwa kwenda Greenland. Alitaka wataalamu wakae majira yote ya baridi katikati ya kisiwa, kilomita 400 kutoka pwani na mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, wapime hali ya hewa na unene wa barafu. Kituo hicho kiliitwa Eismitte. Bahati haikuwa upande wao tangu mwanzo. Barafu ya baharini ilizuia kushusha mizigo kwa zaidi ya mwezi mmoja. Magari ya kuteleza yenye injini, ambayo walikuwa wameyatumainia sana, yakashindwa na theluji. Wawili waliotangulia Eismitte, Johannes Georgi na Ernst Sorge, wakatuma habari kwamba wasipoletewa mafuta na vifaa kufikia tarehe 20 Oktoba, wataondoka kwa miguu.

Wegener alijua kwamba kutembea kwa miguu wakati huo ni kifo. Tarehe 21 Septemba akaondoka yeye mwenyewe kuwapelekea mizigo. Alikwenda na mtaalamu mmoja, Fritz Loewe, na wenyeji 13 wa Greenland, wakiendesha sleji zinazovutwa na mbwa. Baridi ilizidi, theluji ikawa laini na nzito. Wenyeji waliona hatari, wakarudi nyuma, wote ila mmoja. Aliyebaki aliitwa Rasmus Villumsen, kijana wa miaka ishirini na kitu. Mizigo mingi iliachwa njiani. Baridi ilishuka zaidi ya digrii 50 chini ya sifuri. Baada ya siku 40, tarehe 30 Oktoba, watu watatu waliingia Eismitte wakiwa karibu mikono mitupu. Vidole vya miguu vya Loewe vilikuwa vimeganda, na baadaye ilibidi wavikate kwa kijisu cha mfukoni, bila dawa ya kumtia ganzi.

Na sasa sikieni jambo linaloumiza. Georgi na Sorge hawakuwa wameondoka. Walikuwa wamechimba pango ndani ya barafu, wakaona wanaweza kuvumilia humo hadi majira ya baridi yapite. Wale aliokwenda kuwaokoa walikuwa wamekwisha kujiokoa.

Chakula cha Eismitte hakikutosha watu watano. Kwa hivyo Wegener na Rasmus wakaamua kurudi pwani. Waliondoka tarehe 1 Novemba 1930. Ile tarehe niliyowaambia mwishike, ndiyo hiyo: siku hiyo Wegener alitimiza miaka 50. Walikuwa na sleji mbili na mbwa 17.

Pwani hawakufika. Huko pwani watu walidhani wamebaki Eismitte. Huko Eismitte walidhani wamefika pwani. Mwezi wa Mei 1931 ndipo ukweli ulipojulikana. Tarehe 12 Mei, karibu nusu ya njia, watafutaji waliona mbao za kutelezea za Wegener zimesimamishwa wima katika theluji. Wakachimba. Walimkuta amelazwa vizuri juu ya ngozi, amefungiwa na kushonewa ndani ya mifuko ya kulalia. Hakuwa na dalili ya kufa kwa baridi wala njaa. Ilifikiriwa kwamba moyo wake ulisimama kwa uchovu.

Ni nani aliyemzika kwa heshima hiyo? Ni Rasmus. Peke yake, katika giza na baridi ile, kijana huyo alimshonea bwana wake sanda, akamchimbia kaburi, akaweka alama ili watu wasipotee. Kisha akachukua daftari la kumbukumbu za Wegener, akaendelea na safari. Hakuonekana tena. Wala yeye, wala daftari, mpaka leo.

Mimi nikiri kwamba sehemu hii ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Jina la Wegener limo vitabuni. Kuna chuo cha utafiti wa maeneo ya barafu kilichopewa jina lake huko Bremerhaven mwaka wa 1980, na kuna mashimo yenye jina lake katika mwezi na katika sayari ya Mars. Lakini Rasmus Villumsen ni wangapi kati yetu waliowahi kumsikia? Tukimtaja mmoja, tumtaje na mwenzake.

Serikali ya Ujerumani ilikuwa tayari kumleta Wegener nyumbani azikwe kwa taadhima. Else akaona heri alale palepale alipolala. Barafu imemfunika, naye husafiri pamoja nayo polepole kuelekea baharini.

JIBU LA SWALI

Sasa nirudi kwa mwenzangu wa mdahalo. Aliuliza ni nini kinachosukuma. Wegener alikufa bila kujua. Lakini Arthur Holmes, niliyemtaja hapo juu, alieleza miaka hiyohiyo kwamba ndani ya dunia kuna joto jingi, na kwamba mawe ya moto yaliyo chini ya ganda, ingawa ni magumu, huweza kujongea polepole mno. Yaliyo moto hupanda na yaliyopoa hushuka, kama uji mzito unavyojipindua sufuriani.

Katika miaka ya 1950, Marie Tharp na Bruce Heezen wa Marekani walichora ramani ya sakafu ya Bahari ya Atlantiki. Katikati ya safu ndefu ya milima iliyo chini ya maji, Tharp akaona bonde refu lililopasuka. Heezen hakuamini mwanzoni, lakini matetemeko ya ardhi yalipowekwa katika ramani yakafuata mstari uleule. Mwaka wa 1962 Harry Hess akaeleza kwamba hapo ndipo sakafu mpya ya bahari inapozaliwa: mawe yaliyoyeyuka hupanda, huganda, na kusogea pande zote mbili. Mwaka uliofuata Vine na Matthews wakaonyesha kwamba alama za sumaku katika sakafu hiyo zinalingana upande huu na upande ule. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 mambo yalikuwa wazi, na waliobisha sana wakanyamaza. Ukweli ukidhihiri, uwongo hujitenga.

Kosa la Wegener lilikuwa kudhani kwamba bara ni kama jembe linalolima sakafu ya bahari. Kumbe bara ni kama mzigo juu ya mkokoteni. Ganda la dunia, pamoja na mawe magumu yaliyo chini yake, limegawanyika katika mabamba makubwa, na kila bamba hubeba bara, au bahari, au vyote viwili. Nguvu kubwa si hata ya kusukuma. Ni ya kuvuta. Bamba la bahari likizeeka hupoa, huwa zito, likazama ndani ya dunia na kuivuta sehemu iliyobaki. Ni kama blanketi: ukingo ukishaanguka kutoka kitandani, lililobaki hufuata, nawe ukaamka alfajiri unatetemeka.

Na ukitaka kuona bara linavyopasuka, huna haja ya kwenda Greenland. Panda gari kutoka Nairobi uelekee Naivasha, ushuke pale barabara inapochungulia bondeni. Mbele yako kuna Longonot na Suswa. Mvuke wa Olkaria, unaotuzalishia umeme tangu mwaka wa 1981, ni pumzi ya joto lilelile. Wegener mwenyewe aliyataja mabonde ya ufa ya Afrika ya Mashariki kitabuni kuwa ni mfano wa bara linaloanza kuachana. Hakukosea. Upande wa mashariki unauacha ule wa magharibi kwa milimita chache kila mwaka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtu wa mawingu aliingia katika nyumba ya watu wa mawe, nao wakamfukuza mlangoni. Iliwachukua zaidi ya miaka 30 baada ya kifo chake kupona.

Kwako wewe uliyeniuliza swali siku ile: asante. Swali lako lilikuwa zuri. Jibu ndilo hilo, na limetosha katika Kiswahili. Lakini siku nyingine nikisimama na ushahidi bila jibu, nitakwambia wazi kwamba sababu siijui, kisha niendelee kusimama.